Sehemu imekataa kurahisishwa? Tafuta dalili, ujue chanzo, uirekebishe

Pitia madaftari ya darasa la tano baada ya zoezi la kurahisisha sehemu. Waliokosa wanaweza kuwa wengi, lakini njia walizotumia kukosa zinahesabika kwa vidole. Mzazi au mwalimu akizifahamu, hana haja ya kufundisha mada nzima upya. Anaangalia jibu lililokosewa, anajua tatizo limeanzia wapi, anarekebisha hapo hapo.

Kwanza tukubaliane maneno. Namba ya juu ni kiasi, ya chini ni asili. Kurahisisha ni kugawanya kiasi na asili kwa namba ileile, mpaka ikosekane namba nyingine zaidi ya 1 inayoingia kote kuwili bila baki. Thamani haiguswi. Ni kama kupeleka noti mbili za elfu tano dukani ukarudishiwa moja ya elfu kumi: noti zimepungua, pesa ni ileile.

Kwa hiyo jibu lililokosewa linaweza kuwa na ugonjwa wa aina mbili. Ama thamani imebadilika, ama thamani iko sawa lakini kazi haijaisha. Kabla ya kumsahihisha mtu, jua ni upi kati ya hiyo miwili.

Kipimo cha kwanza: zidisha kimshazari

Mwanafunzi kapewa 18/24, kajibu 3/4. Zidisha kiasi cha kwanza kwa asili ya pili: 18 × 4 = 72. Kisha asili ya kwanza kwa kiasi cha pili: 24 × 3 = 72. Zimelingana, thamani ipo. Angejibu 9/8 ungepata 18 × 8 = 144 na 24 × 9 = 216, na hapo ungejua kuna kitu kimeharibika njiani.

Mwenye simu anaweza kupiga 18 ÷ 24 na 3 ÷ 4 kwenye kikokotoo. Zote zinatoa 0.75. Ila kipimo hiki, kwa mkono au kwa simu, kinakamata ugonjwa wa kwanza tu. 18/24 na 9/12 zitalingana vizuri kabisa, ingawa 9/12 bado inakatika. Kama namba hazikulingana, soma kinachofuata. Kama zimelingana na bado jibu limepigwa kosa, ruka mpaka kwenye dalili ya jibu sahihi lisiloisha.

Dalili: sehemu ndogo kuliko 1 imegeuka kuwa kubwa kuliko 1

Hii ndiyo 18/24 iliyokuwa 9/8. Chanzo ni kugawanya juu kwa 2 na chini kwa 3. Mtoto anajua kugawanya, tena vizuri, ila ameona kila namba inajitegemea. Mwambie aandike pembeni namba anayokatia kabla hajakata: "÷ 6", mara moja tu, kwa ajili ya juu na chini. Akizoea kuiandika, kosa hili huisha lenyewe.

Mfundishe pia kuangalia jibu kwa jicho. Kiasi kilikuwa kidogo kuliko asili? Basi kibaki kidogo. Kilikuwa zaidi ya nusu ya asili? Kibaki zaidi ya nusu.

Dalili: 5/15 imekuwa 3, au 0/3

Amekata 5 kwa 5 "ikaisha". Kwa kuwa imeisha, ameacha nafasi tupu au kaweka sifuri. Hapa kugawanya kumechanganywa na kutoa: 5 − 5 ndiyo 0, lakini 5 ÷ 5 ni 1. Jibu ni 1/3. Dawa ni kumzuia asikate kwa mstari bila kuandika kinachobaki. Kila namba iliyokatwa iwe na kadogo kake juu au chini yake, hata kama ni 1. Walimu wengine huwaruhusu watoto kuiacha 1 bila kuiandika kwa sababu inajulikana. Mimi ningesubiri mpaka darasa la saba.

Dalili: tarakimu zinazofanana zimefutwa

105/205 imekuwa 15/25, halafu 3/5. Kachukua sifuri za katikati akazifuta. Jibu sahihi ni 21/41, kwa kugawanya kwa 5.

Tatizo ni kwamba aliwahi kuambiwa "kata sifuri" kwenye 30/50, ikafanya kazi, na hakuna aliyemweleza kwa nini. Sifuri ya mwisho inakatika kwa sababu 30 ni 3 × 10 na 50 ni 5 × 10. Kinachokatwa ni kumi nzima. Sifuri ya katikati ya 105 haijazidishwa na kitu, inashikilia nafasi ya makumi tu. Na hata za mwisho hukatwa idadi sawa juu na chini: 300/50 ni 30/5, ambayo ni 6.

Ndugu ya kosa hili ni kufuta tarakimu yoyote inayoonekana juu na chini. Ubaya wake ni kwamba mara moja moja linatoa jibu sahihi. Kwenye 16/64 futa zile 6, unabaki na 1/4, na kweli ni 1/4. Kwenye 19/95 futa 9, unapata 1/5, kweli tena. Ukiacha zinazoishia na sifuri, kwa sehemu ndogo kuliko 1 zenye tarakimu mbili juu na mbili chini, bahati hii iko mara nne tu: hizo mbili, pamoja na 26/65 na 49/98. Mtoto aliyekutana na mojawapo atabisha kwamba njia yake inafanya kazi. Mpe 17/74. Akifuta 7 atapata 1/4 pia. Kisha azidishe kimshazari mwenyewe: 17 × 4 ni 68, wala si 74.

Dalili: kuna alama ya kujumlisha na jibu limepotea kabisa

Hapa tukae kidogo, maana kosa hili halibaki shule ya msingi. Linavuka na mwanafunzi mpaka sekondari, likiwa limevaa herufi.

Swali: (12 + 8)/4. Mwanafunzi anaona 12 na 4, anakata, inakuwa 3. Anabaki na 3 + 8 = 11. Lakini 12 + 8 ni 20, na 20 ÷ 4 ni 5.

Kilichotokea ni kwamba ile 4 inagawanya jumla yote, yeye kaigawia 12 peke yake na kuiacha 8 nzima. Kama anataka kukata kabla ya kujumlisha, akate kila kipande: 12/4 + 8/4 = 3 + 2 = 5. Linganisha na (12 × 8)/4. Hapa ni kinyume chake: unakata kimoja tu. 12 kwa 4 ni 3, kisha 3 × 8 = 24, na hiyo ni sahihi kwa sababu 96 ÷ 4 ni 24. Ukikata vyote viwili unapata 3 × 2 = 6, umegawanya mara mbili.

Palipo na kujumlisha au kutoa, kata vyote au usikate kabisa. Palipo na kuzidisha, kata kimoja. Ningeomba mstari huo uandikwe kwenye jalada la ndani la daftari.

Wanaoijua MAGAZIJUTO kwa moyo (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) hujikwaa hapa kwa sababu hawaoni mabano kwenye swali. Sehemu inapoandikwa kwa kulala, 12 + 8 juu ya mstari na 4 chini, mabano hayaandikwi, lakini mstari wenyewe ndiyo mabano. Maliza kilicho juu, maliza kilicho chini, ndipo ugawanye.

Kidato cha kwanza au cha pili swali linarudi kama (x + 3)/x, na mwanafunzi anakata x na x, anajibu 3, au 4 kama alikumbuka kubakiza 1. Badala ya kumhubiria, mwambie aweke x = 3. Juu ni 6, chini ni 3, jibu ni 2. Si 3, si 4.

Dalili: namba mchanganyiko imeharibika

4 na 3/8 imeandikwa 1 na 3/2. Kakata 4 na 8. Ni ugonjwa uleule wa hapo juu ukiwa na sura nyingine, kwa sababu 4 na 3/8 maana yake ni 4 + 3/8, na ile alama ya kujumlisha haionekani. Namba nzima haikatwi na asili iliyo pembeni yake. Sehemu hiyo imeshafika mwisho.

Mfano unaorahisishika: 6 na 8/12. Shughulikia 8/12 peke yake, inakuwa 2/3, kisha irudishe pale pale: 6 na 2/3.

Kama kiasi kimezidi asili, kwa mfano 3 na 10/6, kuna kazi mbili. 10/6 ni 1 na 4/6, yaani 1 na 2/3, kwa hiyo jibu ni 4 na 2/3. Ukianza kwa kurahisisha au kwa kutoa namba nzima, utafika palepale.

Dalili: amekata mshazari kwenye hesabu isiyo ya kuzidisha

Kukata mshazari ni kwa sehemu zinazozidishwa. 3/4 × 8/9: 3 na 9, 4 na 8, unapata 1/1 × 2/3 = 2/3. Kwenye kujumlisha na kutoa usiguse.

Kwenye kugawanya ndipo wengi wanaponaswa, kwa kuwa wanajua kwamba kugawanya kutageuka kuzidisha, wakawahi kukata kabla ya kugeuza. Swali 2/3 ÷ 9/4: aliyewahi atakata 2 na 4, 3 na 9, abaki na 1/1 ÷ 3/2, ajibu 2/3. Aliyegeuza kwanza ana 2/3 × 4/9, hakuna cha kukata, jibu ni 8/27. Geuza, ndipo ukate.

Dalili: kimshazari zinalingana, lakini mwalimu kapiga kosa

Sasa tumefika kwenye ugonjwa wa pili. 24/36 imekuwa 12/18 na mtoto kaweka kalamu chini. Hajakosea hesabu, ameacha njiani: 12/18 ni 6/9, na 6/9 ni 2/3. Angetafuta Kigawo Kikubwa cha Shirika, KKS, angepata 12 na kumaliza kwa mkupuo mmoja. Sioni sababu ya kumlazimisha anayependa kukata kidogo kidogo aache. Ni salama, na hatua zake unaziona.

Kwa namba kama hizi tiba ni kumkumbusha tu. Kazi ipo kwenye sehemu zinazoonekana zimeisha wakati hazijaisha. Mazungumzo huenda hivi:

"Mwalimu, hii 51/68 nimeshamaliza."

"Umejaribu ngapi?"

"Mbili, tatu na tano."

"Na kumi na saba?"

Kumi na saba nani anaijaribu? Jedwali la kuzidisha la watoto wengi linaishia 12. 51/68 ni 3/4, kwa sababu 51 ni 3 × 17 na 68 ni 4 × 17. Vilevile 39/52 ni 3/4 kwa 13, na 57/76 ni 3/4 kwa 19. Watunga mitihani wanazipenda namba hizi kwa sababu hiyo hiyo.

Usimwambie mtoto akariri jedwali la 17. Mwambie atoe. Namba yoyote inayoingia kwenye kiasi na kwenye asili bila baki, lazima iingie pia kwenye tofauti yao. Basi toa kidogo kwenye kikubwa, uone imebaki nini:

68 − 51 = 17. Jaribu 17. Inaingia kote.
52 − 39 = 13. Jaribu 13.
76 − 57 = 19. Jaribu 19.

Chukua nyingine ngumu kidogo, 91/119. Tofauti ni 28. Vigawo tasa vya 28 ni 2 na 7 tu, kwa hiyo hakuna haja ya kujaribu 3, 5, 11 wala 13. 2 haiingii kwenye 91. 7 inaingia: 91 ni 7 × 13, 119 ni 7 × 17. Jibu 13/17. Na 391/437, ambayo ukiitazama unaweza kuapa kwamba haikatiki: tofauti ni 46, yaani 2 × 23. Namba zote mbili ni witiri, 2 imeondoka. Inabaki 23, na kweli 391 ni 17 × 23, 437 ni 19 × 23. Imekuwa 17/19.

Tofauti ikiwa kubwa, endelea kutoa kwa namba mbili ndogo zilizopo mpaka zilingane. Kwa 84/210: 210 − 84 = 126, 126 − 84 = 42, 84 − 42 = 42. Zimelingana kwenye 42, hiyo ndiyo KKS, na sehemu ni 2/5. Njia hii si ya jana. Euclid aliieleza kule Alexandria, Misri, miaka kama 300 kabla ya Kristo. Ajabu ni kwamba watoto huambiwa watafute KKS kwa kuorodhesha vigawo vyote, kazi ya nusu ukurasa, wakati kutoa wanakujua tangu darasa la kwanza.

Tofauti inakuambia pia wakati wa kuacha. Ikiwa 1, kama 27/28, hakuna kitakachokatika. Ikiwa 2 na namba zote ni witiri, kama 35/37, vivyo hivyo. Ikiwa namba tasa, ijaribu hiyo moja tu: 44/51 ina tofauti ya 7, 7 haiingii 44, umemaliza.

Kuna kosa dogo linaloambatana na hili: kupima 3 kwa tarakimu ya mwisho. 2 na 5 ndizo hupimwa hivyo, basi mtoto anaona 13/43 zote zinaishia na 3, anaanza kukata. 3 hupimwa kwa jumla ya tarakimu. 111/123: 1 + 1 + 1 = 3, 1 + 2 + 3 = 6, zote zinagawanyika kwa 3, jibu 37/41. Kwa 13 jumla ni 4, kwa 43 ni 7, acha. Na ziangalie kwa makini namba zinazojifanya tasa: 51, 57, 87, 91, 119, 133.

Dalili: umekata vizuri lakini jibu halina maana

Swali: dakika 45 ni sehemu gani ya saa 2? Mwanafunzi kaandika 45/2 akabaki anaitazama. Hakuna cha kukata, na jibu linasema dakika 45 ni mara ishirini na mbili na nusu ya saa mbili. Vipimo havilingani. Saa 2 ni dakika 120, kwa hiyo 45/120, yaani 3/8. Gramu 750 za kilo 3 ni 750/3,000, robo. Zidisha kimshazari hata mara kumi, kosa la namna hii halitaonekana, kwa sababu liko kwenye kupanga swali, kabla hesabu haijaanza.

Desimali zina mtego wake. Kwenye 0.6/1.5 zidisha juu na chini kwa 10, unapata 6/15, ambayo ni 2/5. Lakini kwenye 1.2/0.36 ukiondoa nukta tu unapata 12/36, theluthi moja, wakati 1.2 ni kubwa kuliko 0.36 na jibu lazima lizidi 1. Zidisha zote kwa 100: 120/36, yaani 10/3, au 3 na 1/3.

Pale ambapo hupaswi kurahisisha

Katikati ya kujumlisha. 7/12 + 3/12: aliyekimbilia kugeuza 3/12 kuwa 1/4 amejipa kazi ya kutafuta asili ya shirika upya. Jumlisha kwanza, 10/12, kisha 5/6.

Na alama za mtihani. 18/20 na 45/50 zote ni 9/10, lakini anayesoma ripoti anataka kujua mtihani ulikuwa na maswali mangapi.

Kwa wanaotumia Excel: ukiandika 3/8 kwenye kisanduku inageuka tarehe. Andika 0, acha nafasi, kisha 3/8. Ukiandika 0 6/8 kwa namna hiyo, itakuonyesha 3/4 bila kuuliza.

Za kujipima

87/116, 133/209, (15 + 10)/5, 5 na 14/21, dakika 40 kama sehemu ya saa 3, 0.8/0.12, 64/81.

Majibu kwa mpangilio huo: 3/4, kwa kukata 29. 7/11, tofauti ni 76 na kinachoingia ni 19. 5, ukipata 13 umekata 15 peke yake. 5 na 2/3. 2/9. 20/3, au 6 na 2/3. Ya mwisho haikatiki: tofauti ni 17, na 17 haiingii 64.